Tegemeo au Tegemezi? Uhakiki wa Lugha ya Maven katika Kusimamia Maktaba za Programu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo Maven, zana ya kujengea programu za kompyuta, huitumia kueleza uhusiano kati ya programu inayojengwa na maktaba inazozihitaji. Faili la maelezo la zana hiyo linasomwa hapa kama matini yenye kauli, kimya na mpangilio unaobeba maana. Inabainishwa kwamba lugha ya Maven huficha mambo matatu: nani anamwegemea nani, nani aliyeamua toleo lipi litumike, na nani anayewajibika tegemeo linapovunjika. Aidha, inaonyeshwa kwamba tafsiri ya haraka ya istilahi hizo kwa Kiswahili, hususan neno "kitegemezi", huzidisha ufiche huo kwa kupindua mwelekeo wa uhusiano wenyewe. Makala yanapendekeza kwamba kitenzi tegemea pamoja na minyambuliko yake, yaani tegemewa, tegemeza na tegemeana, kiwe nyenzo ya uhakiki na msingi wa istilahi za uwanja huu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayekutana na istilahi "kishazi tegemezi" hahitaji maelezo marefu ili ajue ni kishazi kipi kinachoegemea na ni kipi kinachoegemewa. Kishazi tegemezi hakijitoshelezi. Hukamilika kwa kukiegemea kishazi huru. Hali ni hiyohiyo kwa "mofimu tegemezi", ambayo haiwezi kusimama peke yake kama neno. Hata nje ya darasa, mtegemezi ni yule anayelishwa, si yule anayelisha: ni mtoto ambaye hajafikia umri wa kujitafutia, au mzee aliyeishiwa nguvu. Anayewalisha huitwa tegemeo lao. Kiswahili, kwa hiyo, kimeweka mwelekeo wa uhusiano ndani ya umbo la neno.

Katika somo la kompyuta mwelekeo huo hupinduka. Mwandishi wa programu anapotaka kutumia maktaba iliyoandikwa na wengine, huitaja katika faili la maelezo chini ya kipengele ambacho Maven imekiita "dependency". Tafsiri inayomjia mtu kwanza ni "kitegemezi" au "utegemezi". Lakini kitu kinachotajwa hapo si kile kinachoegemea. Ni maktaba inayoegemewa. Programu ndiyo tegemezi. Maktaba ndiyo tegemeo. Anayeita maktaba "kitegemezi" amemwita baba mtoto.

Suala hili haliwahusu wataalamu wa maneno peke yao. OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa ulioasisiwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwezi Februari 2006, na baadaye mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya Java na hujengwa kwa Maven. Nyuma ya kila faili la mgonjwa linalofunguliwa katika kliniki inayoutumia kuna maktaba nyingi ambazo muuguzi hazijui na ambazo mara nyingi mtaalamu wa kompyuta wa hospitali hakuzichagua. Zinapokuwa salama, hakuna anayeuliza majina yao. Moja inapobainika kuwa na dosari, swali la kwanza huwa ni lilelile la sarufi: nani anamtegemea nani?

Juhudi za kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya kompyuta zimekuwapo kwa muda. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004. Hata hivyo, juhudi za aina hiyo zilimlenga mtumiaji: menyu, vitufe na ujumbe wa makosa. Lugha ya mjenzi, ambamo maamuzi hufanyika kabla ya mtumiaji kuona chochote, haijapata mhakiki wa kutosha. Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo kwa kuisoma zana moja kwa makini.

2.0 Usuli: Kutoka Kabrasha hadi Ghala

Kabla ya Maven, waandishi wengi wa Java walijenga programu zao kwa zana ya Ant, ambayo ilianza kutolewa kama zana inayojitegemea mwaka 2000. Ant ilieleza hatua za kazi: fanya hili, kisha lile. Maktaba zilizohitajika ziliwekwa ndani ya kabrasha la mradi, nazo zikasafiri pamoja na msimbo. Faida yake ilikuwa kwamba kila kilichohitajika kilionekana kwa macho. Hasara yake ni kwamba kilionekana bila kujulikana. Faili lililokosa namba ya toleo katika jina lake halikuweza kusema lilitoka wapi, wala ni nani aliyelileta, wala lenyewe lilihitaji nini ili lifanye kazi.

Maven ilizaliwa ndani ya jumuiya ya Apache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, na la 2.0 mwaka 2005. Ilileta mageuzi mawili. La kwanza ni anwani: kila maktaba ilipewa utambulisho wa sehemu tatu, yaani kikundi, jina na toleo. La pili, lililokuja na toleo la 2.0, ni ufuatiliaji: mwandishi akitaja maktaba moja, zana yenyewe huzifuata maktaba ambazo hiyo inazihitaji, na zile zinazohitajiwa na hizo, hadi mwisho wa mnyororo. Zote huletwa kutoka ghala la pamoja lililo katika mtandao na kuhifadhiwa katika kompyuta ya mjenzi.

Hapa sitiari ya maktaba yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Neno maktaba limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kuandika, na kwa Mswahili ni mahali pa kuazima na kurudisha. Maktaba ya programu hairudishwi. Nakala yake huingia ndani ya programu na kuwa sehemu ya mwili wake. Zaidi ya hayo, ni kana kwamba msomaji ameomba kitabu kimoja, na mkutubi akamkabidhi pia kila kitabu kilichotajwa ndani yake, na kila kitabu kilichotajwa ndani ya hivyo, bila kumwuliza kama ana rafu ya kuviwekea. Msomaji huondoka akiamini kwamba amechukua kimoja.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mnyambuliko wa kitenzi tegemea. Kila kauli ya kitenzi hicho inaibua swali ambalo matini ya Maven inaweza kuulizwa. Kauli ya kutenda, tegemea, inauliza: nani anaegemea? Kauli ya kutendwa, tegemewa, inauliza: nani anaegemewa, na je, anajua? Kauli ya kutendesha, tegemeza, inauliza: nani anayemshikilia yule anayeegemewa asianguke? Kauli ya kutendana, tegemeana, inauliza: je, mzigo unabebwa na pande zote mbili?

Ni muhimu kukiri mapema kwamba neno hili haliingii darasani likiwa tupu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea kumekuwa miongoni mwa maneno mazito ya siasa ya Tanzania, na utegemezi umebaki kuwa aibu ya kuepukwa. Methali nayo husema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwanafunzi aliyelelewa katika fikra hizo anaweza kudhani kwamba dawa ya utegemezi wa maktaba ni kunakili msimbo wa wengine ndani ya mradi wake, kisha kuusahau ulikotoka. Hilo si kujitegemea. Aliyenakili bado anaegemea, ila amekata kamba ambayo habari za marekebisho zingepitia. Programu isiyotegemea chochote haipo. Iliyopo ni programu inayojua, au isiyojua, inategemea nini. Uhakiki huu hauupimi utegemezi kwa wingi wake. Unaupima kwa uwazi wake.

4.0 Uchambuzi wa Matini

4.1 Neno lililopindishwa

Lawama ya neno "kitegemezi" haimwangukii mfasiri peke yake. Neno la Kiingereza lililochukuliwa na Maven lina maana zinazopingana. Linaweza kuwa jina la hali ya kutegemea. Katika lugha ya utawala wa himaya lilikuwa jina la nchi iliyotawaliwa, yaani iliyo chini. Na katika uhandisi wa programu limekuwa jina la kitu kinachoegemewa, yaani kilicho chini kwa maana ya msingi wa nyumba. Kiingereza kinavumilia mgongano huo kwa kuwa umbo la neno halisemi chochote kuhusu mwelekeo. Kiswahili hakina uvumilivu huo. Anayetamka "tegemezi" amekwisha kusema nani dhaifu.

Matokeo yake huonekana katika mafundisho. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio ni "kitegemezi" cha programu yake huichukulia kuwa kitu kidogo kinachoning'inia pembeni. Hatarajii kwamba dosari ya kitu kilichoning'inia inaweza kuiangusha nyumba. Angeambiwa ni tegemeo, angeuliza mara moja ikiwa ni imara.

4.2 Kanuni ya ukaribu

Kiini cha usimamizi wa maktaba katika Maven kimo katika kanuni ya kusuluhisha mgongano wa matoleo. Mfano mdogo unatosha. Chukulia kwamba programu ya zahanati inaitumia maktaba ya ripoti; maktaba ya ripoti inaitumia maktaba ya majedwali; na hiyo ya majedwali inahitaji maktaba ya tarehe, toleo la 2.0. Wakati huohuo, programu hiyohiyo ya zahanati inaitumia maktaba ya uchapishaji, ambayo inahitaji maktaba ya tarehe, toleo la 1.0. Programu haiwezi kubeba matoleo yote mawili kwa njia ya kawaida. Lipi lishinde?

Maven huchagua lililo karibu zaidi na mzizi wa mti. Toleo la 1.0 liko hatua mbili kutoka kwenye programu. Toleo la 2.0 liko hatua tatu. Kwa hiyo toleo la 1.0 hushinda, ingawa ndilo la zamani. Ikiwa maktaba ya majedwali inaita utendakazi uliomo katika toleo la 2.0 pekee, ujenzi utakamilika bila malalamiko, kwa sababu maktaba hiyo ilikwisha kukompailiwa mahali pengine. Kosa litajitokeza baadaye, programu ikiwa kazini, siku ambayo mtu atafungua ripoti yenye jedwali.

Katika mirathi, ukaribu una mantiki yake: wa karibu humzuia wa mbali kwa sababu ukaribu ni wa damu na wa wajibu. Katika mti wa Maven, ukaribu ni idadi ya hatua tu. Hausemi nani anaifahamu zaidi maktaba ya tarehe wala nani ataumia ikibadilishwa. Zana imetumia lugha ya ukoo kutoa hukumu isiyo na ujuzi wa ukoo.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kuona upande wa pili. Kanuni ya ukaribu inampa mwenye mradi neno la mwisho. Akilitaja toleo analolitaka katika faili lake mwenyewe, tegemeo hilo linakuwa hatua moja tu kutoka mzizini, na hakuna la mbali litakalolishinda. Zana ya Gradle, iliyofuata baadaye, ilichukua njia nyingine: kwa kawaida huchagua toleo la juu zaidi kati ya yaliyoombwa. Katika mfano wa zahanati, Gradle ingechagua 2.0, na jedwali lingefunguka. Lakini Gradle nayo inadhania kwamba jipya linaweza kila lililoweza la zamani, dhana ambayo si kila mwandishi wa maktaba huiheshimu. Zana moja inaamini ukaribu, nyingine inaamini upya. Hakuna kati yao iliyousoma msimbo wenyewe ili ijue kama vipande vinaelewana. Tofauti kubwa ni kwamba kanuni ya Maven humtaka mwenye mradi asimame na kuamua, ilhali haimwambii kwamba kuna jambo la kuamuliwa.

Ukimya huo unadhihirika katika amri inayoonyesha mti wa mategemeo. Kwa kawaida mti huo huonyesha matoleo yaliyoshinda tu. Yaliyoshindwa hutajwa pale mtu anapoomba maelezo ya ziada. Ni historia iliyoandikwa na mshindi, na msomaji asiyejua kwamba palikuwa na shindano hana sababu ya kuomba habari za walioshindwa.

4.3 Mpangilio wenye maana iliyofichwa

Faili la Maven linasifiwa kuwa ni la kutangaza, si la kuamuru: mwandishi hueleza anachohitaji, na zana hutafuta njia. Katika matini ya namna hiyo msomaji hutarajia kwamba mpangilio wa orodha hauna uzito, kama vile orodha ya mahitaji ya dukani isivyobadilika maana kwa kuanza na sukari badala ya chumvi. Lakini matoleo mawili yanapokuwa katika umbali uleule kutoka mzizini, Maven, tangu toleo lake la 2.0.9, huchagua lile linalofikiwa kupitia tangazo la kwanza katika orodha. Mwandishi anayezipanga upya maktaba zake kwa alfabeti ili faili lipendeze macho anaweza kubadilisha programu bila kubadilisha neno hata moja. Wahakiki wa ushairi wamezoea kusema kwamba mpangilio ni maana. Katika ushairi msomaji anaalikwa kuliona hilo, hapa haalikwi.

4.4 Namba inayoonekana kama amri

Mwandishi akiandika kwamba anataka toleo 1.0, namba hiyo inasomeka kama amri. Kwa Maven si amri, ni pendekezo: zana itaifuata pasipo na kauli nyingine iliyo karibu zaidi. Ili pendekezo liwe sharti, namba lazima ifungwe ndani ya mabano ya mraba. Kwa sarufi ya Kiswahili, namba iliyo wazi ina maana ya "na liwe 1.0, ikiwezekana", iliyofungwa ina maana ya "lazima liwe 1.0, la sivyo kazi isimame". Kiswahili hutofautisha ombi na sharti kwa maneno yanayosikika. Maven hutofautisha kwa alama mbili ambazo watumiaji wengi hawaziandiki kamwe.

Kipengele kingine kinachozua mkanganyiko ni "dependencyManagement", ambacho kwa tafsiri sisisi kingeitwa "usimamizi wa utegemezi". Jina hilo linaahidi mengi kuliko kinachofanyika. Maktaba ikitajwa humo haiingii katika programu. Kinachoandikwa ni kwamba, endapo itahitajika popote mtini, karibu au mbali, toleo lake liwe hili. Kauli hiyo huishinda hata kanuni ya ukaribu kwa mategemeo yanayofikiwa kupitia mengine. Ni kauli ya masharti kwa umbo lake, ya aina ya "ikija, ije hivi". Jina lililo karibu zaidi na ukweli lingekuwa "usimamizi wa matoleo". Miradi mikubwa huitumia sehemu hii katika faili mzazi ili moduli zote zirithi uamuzi mmoja, na hapo ndipo Maven inapoonyesha ubora wake: uamuzi umeandikwa mahali pamoja, kwa jina, na unaweza kusomwa na kuhojiwa.

4.5 Kauli ya kutendwa isiyo na mtenda

Kila tegemeo katika Maven lina upeo, yaani mipaka ya wakati ambapo linatumika. Mwandishi asipoutaja, zana huuchukulia kuwa ule mpana zaidi, unaolifanya tegemeo lipatikane wakati wote na lirithiwe na watakaoitumia programu yake. Kimya cha mwandishi husomwa kama ridhaa. Upeo wa majaribio, kwa upande mwingine, haurithiwi, na jina lake linasema wazi kazi yake.

Upeo unaostahili uhakiki zaidi ni ule uitwao "provided", yaani kilichokwisha kuandaliwa. Moduli za OpenMRS huutumia kwa maktaba za kiini cha mfumo huo: moduli hukompailiwa kwa kuzirejelea maktaba hizo, lakini haizibebi, kwa kuwa mfumo utakaoipokea unazo tayari. Huu ni utaratibu mzuri. Bila huo kila moduli ingekuja na kiini chake, na viini vingegongana. Lakini kisarufi ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Kimeandaliwa na nani? Katika toleo gani? Mswahili akiambiwa kwamba chakula kimeandaliwa anaweza kuuliza kimeandaliwa na nani, na kiambishi cha kauli humpa nafasi ya kuuliza. Katika faili la Maven nafasi hiyo haipo. Moduli iliyojengwa kwa kurejelea kiini cha toleo moja huweza kuwekwa juu ya kiini cha toleo jingine, na tofauti hiyo ikajulikana tu baada ya mfumo kuwashwa.

5.0 Anayetegemewa na Anayemtegemeza

Matukio mawili yanatosha kuonyesha kwamba maswali ya kauli za kitenzi si ya kinadharia tu. La kwanza halikutokea katika ulimwengu wa Maven bali katika ghala la npm la lugha ya JavaScript. Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi mmoja aliziondoa maktaba zake ghalani kufuatia mgogoro wa jina la maktaba yake nyingine. Miongoni mwa zilizoondolewa ilikuwamo left-pad, yenye mistari 11 ya msimbo, ambayo kazi yake ilikuwa kujaza herufi upande wa kushoto wa neno hadi lifikie urefu fulani. Miradi mikubwa iliyoifikia kupitia maktaba nyingine ilishindwa kujengwa hadi iliporejeshwa saa chache baadaye. Kanuni za kuondoa maktaba ghalani zilikazwa baadaye. Ghala kuu la Maven lilikuwa na msimamo mkali zaidi kuhusu jambo hili: kilichokwisha kuchapishwa humo, kwa kawaida, hakibadilishwi wala hakiondolewi.

Msimamo huo hulinda dhidi ya kutoweka, lakini haulindi dhidi ya dosari, kwani kilichoharibika hubaki ghalani sawa na kilicho kizima. Ndivyo ilivyodhihirika Desemba 2021, dosari ya Log4j ilipotangazwa. Log4j ni maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio. Matoleo yake kuanzia 2.0-beta9 hadi 2.14.1 yalimwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake ndani ya kompyuta ya mwingine kwa kuifanya programu iandike maneno fulani katika kumbukumbu zake. Dosari hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Toleo la 2.15.0 lilitolewa kuirekebisha, na ndani ya mwezi huohuo yakafuata mengine, kwa kuwa marekebisho ya kwanza hayakutosha.

Ugumu mkubwa kwa wengi haukuwa kubadilisha namba ya toleo. Ulikuwa kujua kama walikuwa nayo. Maktaba hiyo haikuwamo katika faili waliloliandika. Ilikuwamo katika faili la maktaba waliyoitaja, au katika la maktaba ya maktaba hiyo. Waliouliza "je, tumeitaja Log4j?" walijibiwa hapana, na jibu lilikuwa la kweli na la hatari kwa wakati mmoja. Swali sahihi lilikuwa la kauli ya kutendwa: nani anategemewa nasi, hata kama hatujamtaja?

Nyuma ya swali hilo lilikuwapo jingine. Log4j ilikuwa ikitunzwa na watu wa kujitolea chini ya Apache. Taasisi tajiri duniani ziliiegemea, na watunzaji wake walifanya marekebisho katika siku za mapumziko ya mwisho wa mwaka huku ulimwengu ukiwahimiza. Lugha ya Maven ina njia ya kusema "naitegemea". Haina kipengele kinachouliza "naitegemeza vipi?". Zana pia hukataa mzunguko: moduli mbili za mradi mmoja haziwezi kutegemeana, na ikitokea hivyo ujenzi husimamishwa. Kiufundi katazo hilo ni sahihi, kwa kuwa haiwezekani kujenga kila moja kabla ya mwenzake. Lakini kanuni iliyo sahihi kwa msimbo si sahihi kwa watu. Kati ya mwandishi wa maktaba na mtumiaji wake, uhusiano wa upande mmoja ndio unaobomoka, na kutegemeana ndiko kunakodumu: mmoja huandika, mwingine huripoti dosari, hujaribu toleo jipya, huandika maelezo, au hulipa.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, istilahi nne zinapendekezwa kwa walimu na waandaaji wa kamusi. Kwanza, kitu kinachohitajiwa na programu kiitwe tegemeo, wingi mategemeo, na neno tegemezi libaki kwa programu inayohitaji. Pili, jina utegemezi litumike kwa uhusiano wenyewe, si kwa kitu. Tatu, tegemeo lisilotajwa na mwandishi bali linalofikiwa kwa njia ya jingine liitwe tegemeo la kupitia. Hapa kuna mtego wa kuepukwa: neno la Kiingereza linalotumika lina umbo sawa na lile ambalo sarufi ya Kiswahili hulitafsiri kuwa "elekezi", kama katika kitenzi elekezi. "Utegemezi elekezi" ungekuwa tafsiri sahihi ya neno na kosa la maana, kwa kuwa dhana iliyopo hapa ni ya mantiki: ikiwa wa kwanza anamwegemea wa pili, na wa pili anamwegemea wa tatu, basi wa kwanza anamwegemea wa tatu kwa kupitia wa pili. Nne, kipengele cha kupanga matoleo kiitwe usimamizi wa matoleo, kwa sababu ndicho kinachofanyika.

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi hazirekebishi programu, na kwamba wajenzi wataendelea kuandika kwa Kiingereza faili ambalo zana hulielewa. Dai hilo ni kweli kwa kiasi. Faili litabaki kama lilivyo. Lakini mtu hufikiri, hufundisha na huulizana na wenzake kwa lugha anayoimudu, na ni katika mazungumzo hayo ndipo swali "tunategemea nini?" huulizwa au huachwa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Maven iliondoa fujo ya maktaba zisizo na anwani na ikaleta fujo nyingine iliyo tulivu zaidi: maamuzi yanayofanywa kwa ukaribu, kwa mpangilio na kwa kimya. Kanuni zake si mbaya kwa asili yake. Nyingi zinamwachia mwenye mradi mamlaka ya mwisho, na anayezijua huweza kuzitumia kwa faida. Kasoro iko katika lugha isiyomwambia kwamba mamlaka hayo anayo, wala kwamba wakati wa kuyatumia umefika.

Kiswahili kimejaliwa kitenzi ambacho kila kauli yake ni swali la ukaguzi. Kukitafsiri kwa pupa ni kupoteza kilichokuwa mkononi. Mradi wowote wa kanda hii unaohifadhi habari za wagonjwa, wanafunzi au walipakodi unaweza kuanza na kazi ya siku moja: kuuchapisha mti wake wote wa mategemeo, walioshinda na walioshindwa, na kuandika kando ya kila jina jibu la maswali mawili: linatunzwa na nani, na ni nani katika ofisi hii atakayepata habari likivunjika. Majina yatakayokosa jibu ndiyo yatakayoonyesha mahali pa kuanzia.